Marumaru ya jina na marumaru ya jiwe: Mwekezaji mdogo apime kabla ya kulipa

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi jijini Arusha, neno marumaru limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Kigae cha udongo uliochomwa kiwandani huitwa marumaru. Kigae cha poselini huitwa marumaru. Jiwe lenyewe lililokatwa mlimani nalo ni marumaru. Kwa sakafu ya sebule mchanganyiko huo wa majina hauna madhara makubwa. Kwa bafu la shawa, ambako maji hupiga ukuta kila asubuhi, ndio mwanzo wa hasara ambayo mwekezaji mdogo huigundua akiwa tayari amekwisha kufungua milango kwa wageni.

Suala hili lina uzito kwa sasa. Nyumba za wageni zinajengwa Njiro, Sakina, Tengeru na Usa River, zikiwalenga watalii wa Serengeti na Ngorongoro. Aidha, tangu Septemba 2023, pale Shirikisho la Soka Afrika lilipozipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na Arusha ikaanza kujengewa uwanja, wenye viwanja na mitaji midogo wameona sababu nyingine ya kuongeza vyumba. Wengi wanataka bafu la mawe ya asili kwa imani kwamba litapandisha bei ya chumba. Imani hiyo si ya bure, kwani mgeni hulipia anachokiona. Tatizo ni kwamba jiwe si bidhaa moja.

Marumaru halisi, pamoja na jiwe la chokaa na travatino, ni jamii moja ya mawe ya kalisi. Ni laini kiasi cha kukwaruzwa na kisu cha chuma, na asidi huyala. Tone la limau au siki likikaa juu yake huacha doa jeupe lisilong'aa, na doa hilo halitoki kwa kusugua kwa sababu si uchafu bali ni jiwe lenyewe lililoliwa. Baadhi ya marumaru nyeupe zina chembe za chuma ndani, na zikilowa kila siku hugeuka njano au rangi ya kutu. Graniti ni ngumu zaidi, haitishwi na limau wala kisu, na nyingi hunywa maji kidogo. Sleti hustahimili maji ikiwa ni nzuri, lakini ile dhaifu hubanduka matabaka. Mawe ya mchanga, yakiwamo ya Mazeras na Galana yanayochimbwa pwani ya Kenya, hupendeza uani na kwenye kuta za nje, lakini hayafai kuingizwa ndani ya shawa bila matunzo ya karibu.

Arusha ina mawe yake. Mlima Meru, wenye urefu wa meta 4,566, ni volkano, na miamba yake ya kijivu imejenga misingi na kuta za mji huu kwa miaka mingi. Lava iliyoganda ikawa nzito na iliyobana ni jiwe gumu lisiloogopa asidi za nyumbani, na uso wake wa asili haumtelezeshi mtu kirahisi. Lakini kutoka mlima huohuo hutoka pia jiwe la majivu yaliyoshikamana, jepesi na lenye matundu, ambalo hunywa maji kama sponji. Mnunuzi asiyejua tofauti hununua yote mawili kwa jina moja la mawe ya Meru.

Jiwe la hapa lina bei nyingine pia, isiyoandikwa kwenye stakabadhi. Aprili 2013 kifusi kiliporomoka katika machimbo ya moramu ya Moshono na kuua zaidi ya watu 10. Mfanyabiashara anayetaka jiwe la Meru lishindane na la India au China kwa bei ya chini tu, bila kuuliza limechimbwaje, anajenga biashara juu ya ukingo uleule.

Vipimo vya dukani havihitaji maabara. Mnunuzi aombe kipande kilichovunjika na afanye mambo matatu. Kwanza, adondoshe maji na kusubiri dakika 10; jiwe likigeuka jeusi palipoloa, linakunywa. Pili, adondoshe limau mahali pasipoonekana. Likiacha doa, hiyo ni jamii ya kalisi, hata kama muuzaji anaiita graniti. Tatu, akwaruze kwa ncha ya kisu. Muuzaji anayekataa vipimo hivi kwa kipande kilichovunjika amekwisha kujibu swali.

Kwa sakafu ya shawa, ung'aavu ni adui. Jiwe lililosuguliwa likang'aa kama kioo huwa utelezi mtupu likichanganyika na sabuni, na mgeni akianguka, lawama ni za mwenye nyumba. Sakafuni panafaa jiwe lenye uso mkavu usiong'aa, lililokatwa vipande vidogo ili viungo vingi vishike mguu. Ung'aavu ubaki ukutani, kwa anayeupenda.

Hata hivyo, jiwe zuri haliokoi kazi mbaya. Chini yake lazima pawe na tabaka la kuzuia maji na mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Wapo wanaodhani dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe inatosha kuzuia maji yasipite. Sivyo. Dawa hiyo hupunguza jiwe kunywa uchafu na madoa. Maji yakipita kwenye viungo, kinachomwokoa mwenye nyumba ni tabaka la chini. Kwa marumaru nyepesi ya rangi, fundi atumie gundi nyeupe, kwa kuwa saruji ya kijivu huonekana upande wa pili. Na asiruhusiwe kusafisha mabaki ya saruji kwa asidi, desturi iliyozoeleka kwenye vigae vya kiwandani. Siku moja ya asidi inatosha kuua marumaru ya ukuta mzima.

Maji ya ukanda wa Meru yanaongeza sababu ya tahadhari. Yanajulikana kwa floraidi iliyotia rangi meno ya wakazi wengi, na chemchemi nyingi zina chumvi za magadi. Maji hayo yakikauka juu ya jiwe huacha ukungu mweupe. Yakikauka ndani ya vinyweleo, chumvi hukua na kumenya uso wa jiwe kidogo kidogo. Wakati wa masika, na tena katika baridi ya Juni na Julai, bafu lisilo na dirisha la kutosha halikauki kutwa, na kuvu hupata makao kwenye viungo.

Dawa yake ni nidhamu ya kila siku. Maji yafutwe ukutani kwa kifutio cha mpira baada ya kuoga, dirisha liachwe wazi, na kuoshwe kwa sabuni laini isiyo na asidi. Dawa za kusafishia choo, siki na limau visikaribie mawe ya kalisi. Dawa ya klorini isichanganywe kamwe na asidi, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Dawa ya kuziba ipakwe kabla ya bafu kutumika, kisha tone la maji lipimwe tena kila baada ya miezi 6. Likianza kunywewa, ni wakati wa kupaka upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika bafu methali hii ni ya kweli kabisa.

Sasa hesabu. Shawa ya sentimita 90 kwa 90, yenye kuta tatu za meta 2.1, inahitaji karibu meta za mraba 6.5. Nyumba ya vyumba 10 inahitaji 65, na ikiongezwa asilimia 10 ya kukata na kuvunjika inafikia kama 72. Graniti ya unene wa milimita 10 ina uzito wa kama kilo 27 kwa meta ya mraba, hivyo mzigo wote ni karibu tani 2. Ya milimita 20 ni karibu tani 4. Unene huo ni nauli, ni gundi na ni mzigo kwa ukuta. Upande wa pili, chumba cha sh. 60,000 kikifungwa siku 12 kwa matengenezo ya bafu kimepoteza sh. 720,000 kabla fundi hajalipwa. Wengi huweka kwenye hesabu bei ya jiwe na kusahau siku hizo 12.

Kwa hesabu hiyo, mwekezaji wa vyumba vya kukodisha, asiyeweza kumchunga kila mgeni na kila msafishaji, aiache marumaru halisi nje ya shawa. Aweke graniti isiyong'aa au lava iliyobana, au akubali bila aibu vigae vya kiwandani, ambavyo sasa vinatengenezwa hapa nchini, Mkuranga na Chalinze. Marumaru ibaki kwa mwenye nyumba anayeoga na kufuta mwenyewe.

Wauzaji nao wana la kufanya, na si lazima wasubiri agizo la serikali. Stakabadhi iandike jina la jiwe, mahali lilikotoka na unene wake, badala ya neno marumaru pekee. Dawa ya kuziba iuzwe pamoja na jiwe, na maelezo ya matunzo yaandikwe kwa Kiswahili. Duka litakalotangulia kufanya hivyo litauza kwa bei ya juu kidogo, na wateja wake watarudi kwa ajili ya jengo la pili. Duka linalouza jina tu litamwona mteja akirudi pia, lakini atakuwa amebeba kipande cha jiwe lenye doa mkononi.