AFYA NYUMBANI: Usingoje Usiku wa Tatu

Mwezi huu twataka kunena habari ya kwenda kwa tabibu. Maana sisi wa Dumila na vijiji vya jirani twaijua sana njia ya zahanati, lakini wengi hatuijui saa ya kuifuata. Mtoto hushikwa na homa leo, baba asema, "Tungoje kesho." Kesho yake hununuliwa vidonge viwili dukani. Usiku wa tatu mtoto apatwa na degedege, ndipo pikipiki inapotafutwa. Ugonjwa uliokuwa mdogo umekwisha kuwa mkubwa, na gharama vivyo hivyo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Malaria isiyotibiwa yaweza kugeuka kuwa kali katika muda wa saa 24, hasa kwa mtoto mdogo. Tena si kila homa ni malaria. Huenda ikawa ni nimonia, au ugonjwa mwingine wenye dawa yake mbali. Kwa hiyo mtoto apimwe kwanza. Tone moja la damu ya kidole latosha, na jibu hupatikana kabla hujachoka kukaa kwenye benchi.

Akikutwa na malaria isiyo kali, kwa kawaida hupewa dawa mseto. Dawa hii huliwa mara 6 katika siku 3: mara ya kwanza, mara ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula au maziwa. Wako wazazi ambao, mtoto akianza kucheza, huacha dawa na kuweka vidonge vilivyosalia kwa ajili ya homa nyingine. Jambo hili ni baya kabisa. Wadudu wa malaria hubaki katika damu, homa hurudi, na akiba ile haimtoshi mgonjwa wa pili.

Wengine husema, "Hizo ni dawa za kigeni, sisi tunayo mitishamba yetu." Ndugu, asili ya dawa iliyo katika mseto ni mmea. Mwaka 1972 bibi mmoja wa Uchina, Tu Youyou, pamoja na wenzake, waliitenga dawa hiyo katika mmea uliotumiwa na waganga wa nchi yao tangu kale, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Basi mmea hauna kosa. Kosa ni kumnywesha mtoto pasipo kujua ugonjwa wake wala kipimo cha dawa. Na kama bibi yake amekwisha kumpa kitu, mwambie tabibu bila kuona haya. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Ziko dalili ambazo ukiziona huna ruhusa ya kungoja hata saa moja: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, atapika kila kitu, ana degedege, amelegea au hazindukani, apumua kwa shida. Mchukue mara moja, usiku au mchana. Zahanati ikishindwa, itakuandikia barua ya kwenda mbele: hospitali ya Kilosa, au ya mkoa mjini Morogoro, au ile ya Kanisa la Anglikana huko Berega. Barua hiyo usiiweke mfukoni ukarudi nyumbani kushauriana. Kushauriana kufanyike siku za afya.

Nanyi mwakumbuka Januari ya mwaka 2014, jinsi Mto Mkundi ulivyofurika, maji yakaingia nyumba za Dumila na Magole, na barabara kuu ya kwenda Dodoma ikakatika hapa kwetu darajani. Mgonjwa hana mabawa ya kuvuka mto. Kwa hiyo mama mjamzito aliyekaribia siku zake wakati wa masika asingoje uchungu. Aende mapema akakae kwa jamaa walio karibu na hospitali.

Baada ya mafuriko huja kuhara. Chemsheni maji ya kunywa. Mtoto akihara apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaliyokorogwa katika lita 1 ya maji safi. Pakiti ikikosekana, tieni katika lita 1 vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Kisha aendelee kunyonya na kula, na kupelekwa kwa tabibu.

Hata watu wazima wasijisahau. Mwenye shinikizo la damu mara nyingi hasikii maumivu, hivyo huacha dawa akidhani amepona. Dawa hiyo haiachwi ila kwa neno la tabibu.

Basi, jioni ya leo, kila nyumba itengeneze mambo matatu: kadi za kliniki zikae mahali pamoja panapojulikana na wote, nambari ya simu ya mwenye pikipiki au gari iandikwe ukutani, na fedha kidogo ya safari itiwe katika kopo lisiloguswa kwa sukari wala kwa chumvi. Walimu nao wawafundishe watoto zile dalili za hatari, kwani mara nyingi mtoto mkubwa ndiye aliyebaki nyumbani na mdogo wake wakati wazazi wako shambani. Akizijua, atakimbia kuwaita kabla jua halijachwa.