Mcheza kwao hutuzwa, lakini na nani?

Wahenga waliposema kuwa mcheza kwao hutuzwa, walikuwa wakieleza jambo walilolishuhudia uwanjani. Ngoma inapolia na mchezaji akacheza ipasavyo, mtazamaji huinuka alipoketi, akamwendea na kumtuza. Anayetoa ni yule aliyeuona mchezo kwa macho yake, na hutoa papo hapo, mbele ya wengine walioona. Mchezaji haandiki barua ya kuomba atuzwe.

Methali hii ilinijia nilipoombwa kutafsiri kwa Kiswahili maelezo ya kampuni moja iliyokuwa imetunukiwa tuzo ya utunzaji wa mazingira. Sentensi ya kwanza ilidai kuwa maelfu ya miti ilikuwa imepandwa. Hapo nikakwama. Mwandishi wa Kiingereza kile alikuwa ameridhika na kauli ya kutendwa isiyomtaja mtendaji. Kiswahili nacho kinayo kauli hiyo, lakini msikilizaji wetu hatosheki nayo. Atauliza: imepandwa na nani, wapi, na je, imeshika? Kupanda ni kazi ya siku moja, ilhali kushika ni habari ya misimu miwili mitatu ya mvua. Nilipomwuliza aliyeniletea karatasi ile, alinijibu kwa upole: "Daktari, wewe tafsiri tu." Nami nikatafsiri. Ni deni hilo linalonisukuma kuandika makala haya.

Tuzo za kitaifa za kuwasifu wafanyabiashara wanaotunza mazingira si jambo geni duniani. Mfano unaojulikana sana ni ule wa Uingereza. Tuzo za Malkia kwa viwanda zilianzishwa kwa hati ya kifalme mwaka 1965, zikaanza kutolewa mwaka 1966. Hapo mwanzo zilihusu biashara ya nje na ubunifu wa kiufundi. Tuzo ya mafanikio ya mazingira ilianza kutolewa mwaka 1993, mwaka mmoja baada ya mkutano mkuu wa mazingira wa Rio de Janeiro. Baadaye ikageuzwa kuwa tuzo ya maendeleo endelevu, na baada ya Mfalme Charles kurithi kiti cha enzi zote huitwa Tuzo za Mfalme. Mshindi huruhusiwa kupeperusha bendera ya tuzo na kuchapisha nembo yake kwenye bidhaa kwa miaka mitano.

Utaratibu huo una mengi ya kusifika. Tuzo ina kikomo, na inaweza kufutwa mwenye nayo akionekana kuivunjia heshima. Hata hivyo, mlango wake wa kuingilia ni ule ule wa mahali pengi: kampuni hujiombea yenyewe. Hujaza fomu, hueleza wema wake, na majaji husoma. Idara za serikali huulizwa kama mwombaji ana doa. Lakini jirani anayevuta moshi wa kiwanda hana fomu yake. Waswahili walishatuonya kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Je, kujisifu kwa maandishi kunaweza kutupotosha kiasi gani? Tukumbuke yaliyoipata kampuni ya Volkswagen. Jarida moja la Marekani lilikuwa limelitaja gari la Jetta la dizeli kuwa gari safi la mwaka 2009, na Audi A3 ya dizeli, iliyo ya kundi hilo hilo la kampuni, kuwa gari safi la mwaka 2010. Septemba 2015 ikafichuka kwamba magari ya aina hizo yalitiwa programu ya kompyuta iliyotambua kuwa gari linapimwa, ikapunguza sumu ya moshi kwa muda ule tu. Magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika, na tuzo zile mbili zikafutwa. Jambo la kuzingatia ni jinsi ukweli ulivyojitokeza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliyafunga magari vipimo, wakayaendesha barabarani kama mimi na wewe tunavyoendesha. Maabara ilikuwa imedanganywa, lakini barabara haikudanganyika.

Hapa kwetu tuna somo lililo chungu zaidi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi kilianza kazi mwaka 2007. Hebu msomaji afikirie jinsi kazi hiyo inavyopendeza karatasini. Takataka zinaokolewa, madini yanatumika upya, vijana wanapata ajira. Yote hayo ni maneno ambayo jaji yeyote wa tuzo za mazingira angependa kuyasoma. Lakini wanakijiji walikuwa wakisoma maandishi mengine. Waliuona moshi ukiingia nyumbani mwao, wakayaona maji machafu, wakawaona watoto wao wakiugua. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kuwa mwanawe mchanga alikuwa na risasi mwilini, akaanza kupiga mbiu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na ikawa ni Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipoirejesha. Wanakijiji walijua kwanza. Wenye mamlaka walikuwa wa mwisho kusadiki. Mama Omido mwenyewe alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Hakutuzwa kwa ajili ya ripoti nzuri. Alituzwa kwa sababu alikataa kunyamaza.

Sheria zetu, kwa kweli, zimeshalitambua neno la jirani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kanuni za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari za mazingira zinamtaka anayekusudia kuanzisha mradi mkubwa aitishe mikutano ya wananchi, abandike matangazo, na habari itangazwe redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha za wenyeji. Yaani kiwanda kikitaka kujengwa, jirani anaulizwa. Inakuwaje basi kiwanda hicho hicho kikitaka kusifiwa asiulizwe? Kama neno lake lina uzito kabla ya moshi kuanza kufuka, sembuse baada ya kuuvuta kwa miaka kumi?

Wapo watakaonipinga. Watasema kuwa jirani si mtaalamu, na kwamba risasi iliyomo katika damu haionekani kwa macho. Hoja hiyo ina ukweli, nami sisemi mtaalamu awekwe kando. Nasema jirani ndiye amwonyeshe mtaalamu mahali pa kuchota maji ya kupima. Watasema tena kuwa majirani wanaweza kuhongwa au kuwa na chuki. Naam, wanaweza. Lakini ni rahisi kumhonga mwandishi mmoja wa ripoti kuliko kuhonga kijiji kizima kinachosema hadharani katika baraza. Wengine watasema tuzo huwatia moyo watendao mema, tusiwavunje nguvu. Nami nakubali kuwa wapo wafanyabiashara waaminifu waliobadili mitambo yao kwa gharama kubwa. Hao ndio wanaodhulumiwa zaidi na tuzo za karatasi, maana nembo yao inaning'inizwa sambamba na ya mdanganyifu. Isitoshe, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Ningependekeza mambo matatu. Kwanza, kila kampuni inayowania tuzo ya mazingira itangazwe mahali inapofanyia kazi, na wenyeji wapewe muda wa kutoa ushahidi wao katika baraza. Pili, maelezo ya sifa zake yatolewe kwa lugha wanayoielewa wenyeji hao, kabla ya tuzo wala si baada yake, ili wayasahihishe. Laiti karatasi ile niliyoitafsiri ingesomwa mbele ya watu wanaoishi palipotajwa miti hiyo, swali langu lingejibiwa kwa dakika moja. Tatu, tuzo iwe na muda maalumu, na itwaliwe hadharani kama ilivyotolewa hadharani, mwenye nayo akiharibu.

Kwenu walimu na wanafunzi, nina ombi linalohusu lugha yenyewe. Tangu tume ya Bi. Gro Harlem Brundtland ilipotoa ripoti yake mwaka 1987, dunia nzima inaimba maendeleo endelevu, nasi tukapata neno lililoundwa vizuri. Litazameni neno hilo darasani. Kutokana na tulia tunapata tulivu, kutokana na sikia tunapata sikivu, na kutokana na vumilia tunapata vumilivu. Kiambishi hiki -vu hakielezi tendo la mara moja. Kinaeleza tabia iliyomkaa mtu. Mwanafunzi aliyetulia kwa dakika tano mkaguzi alipoingia darasani haitwi mtulivu. Vivyo hivyo, kampuni iliyopanda miche siku ya kamera haijawa endelevu.

Basi mkisikia kuwa kampuni iliyo karibu na shule yenu imepata tuzo ya mazingira, lifanyeni somo. Someni sifa zake kwa makini, na kila mnapokuta kitenzi cha kutendwa, mtafuteni mtendaji. Kisha mwende mkaitazame mito na miche iliyotajwa, mwandike mlichokiona, mwulize na wazee waliokuwapo kabla ya kiwanda. Mkiona kuwa kweli mto ni safi na miche imekuwa miti, isifuni kampuni hiyo bila choyo, kwa maana imestahili. Mkiona kinyume chake, semeni. Mchezaji amecheza kwenu, na nyinyi ndio mliokuwa uwanjani.