Kabla ya kupanda mashua ya Kilwa



Wazazi kadhaa wametuuliza baada ya sala ya Ijumaa kama ziara ya familia na watoto wa madrasa kwenda Kilwa Kisiwani na Songo Mnara itakuwepo likizo ya Desemba. Itakuwepo, inshaallah. Hata hivyo, kabla hatujafungua daftari la majina, tunawajibika kueleza jambo ambalo taarifa yetu ya ziara iliyopita haikulieleza.

Katika taarifa ile tuliandika kwamba safari ilikuwa ya mafanikio. Ni kweli kwamba watu wote walirudi salama, alhamdulillahi. Lakini tulikwenda mwezi wa Juni, upepo wa kusi ukiwa na nguvu zake, tena tarehe 16 ya mwezi wa Hijria, siku ya bamvua. Tulifika Songo Mnara yapata saa tano asubuhi, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Mashua ikakwama mbali na ufuko, na wazee wetu wakatembea kwenye matope ya mikoko wakishikwa mikono. Ratiba yote ikavurugika. Tulipoanza kurejea Kilwa Masoko alasiri, bahari ilikuwa imechafuka, na maji yalikuwa yakiruka hadi ndani ya chombo. Hapo mama mmoja akatuuliza: "Ustadhi, jaketi la mwanangu liko wapi?" Tulikuwa watu 23. Majaketi okozi yalikuwa 14, yote ya watu wazima. Tuliwavalisha watoto, nayo yakawapanda hadi masikioni. Mama yule hakuwa na jaketi, wala hakusema neno lingine hadi tulipotia nanga.

Kosa halikuwa la nahodha peke yake. Sisi tuliopewa amana tulihesabu sahani za pilau, tukahesabu chupa za maji, na hatukuhesabu majaketi. Kisha tukarudi nyumbani tukaandika "mafanikio". Kwa hilo tunawaomba radhi wazazi wote.

Sasa tuje kwenye maandalizi ya safari hii. La kwanza ni siku, na hapa kalenda yetu ya Hijria inatufaa kuliko ile iliyotundikwa ukutani ofisini. Maji ya bahari huufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu kupwa huko huangukia asubuhi, kati ya saa nne na saa tano. Mwezi unapofikia nusu, yaani karibu na tarehe 8 na tarehe 22, huwa ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na maji hujaa asubuhi muda huo huo wa saa nne. Kwa hiyo tumechagua tarehe 8. Tofauti ya siku moja katika kuandama kwa mwezi, ambayo imetuchosha katika mambo mengine, hapa haina madhara. Wavuvi wanayajua haya tangu utotoni. Sisi tuliosoma vyuoni ndio hatukuwauliza.

La pili ni upepo. Desemba kusi huwa limekwisha na kaskazi inaanza, lakini hilo si dhamana. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Ikitolewa, hatuvuki, hata kama nauli imelipwa na chakula kimepikwa. Amiri wa safari ndiye atakayesema neno la mwisho, na tunaomba asibishiwe ufukweni.

La tatu ndilo lililoleta maneno katika kikao. Majina yaliyokwisha kutajwa kwa mdomo yanafikia 40. Baadhi ya wajumbe walitaka mashua moja kubwa ili gharama iwe nafuu. Hatimaye tumekubaliana juu ya mashua mbili za injini, watu wasiozidi 18 kila moja, na jaketi kwa kila mtu, yakiwemo ya watoto ambayo tutayachukua Dar es Salaam. Maana yake mchango utaongezeka, na wapo watakaobaki. Tumeshaambiwa kwamba tunabagua. Tunalipokea neno hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na katika misikiti yetu wapo hadi leo wanaowaombea jamaa zao waliokuwemo. Mjumbe mmoja aliwataja wa kwake mle kikaoni, na hoja ya mashua moja haikurudi tena.

Kwa kina mama: jaketi huvaliwa juu ya buibui, si ndani yake. Stara haiondoki kwa kufunga mikanda ya jaketi. Viatu viwe vya kulowa, na mtoto mdogo akae na mzazi wake, si na rafiki zake mbele ya chombo.

Kuhusu sala, watokao Dar es Salaam husafiri takriban kilomita 300 hadi Kilwa Masoko, hivyo wana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Wenyeji watakaoungana nasi pale, ambao wanavuka mkono wa bahari tu kwenda Kisiwani, watasali kamili. Adhuhuri tutaisali nchi kavu. Dua ya kupanda chombo, ile ya Nabii Nuhu katika Sura Hud, aya ya 41, watoto wanaihifadhi madrasa wiki hii. Wazazi wawasikilize.

Tungependa pia wazazi wawasimulie watoto habari za Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Alimkuta Sultani Hasan bin Suleiman, ambaye kwa ukarimu wake watu walimwita Abul-Mawahib, na anasimulia kwamba masikini kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akavaa nyingine na kumpa zile. Msikiti Mkuu tutakaouzuru ulijengwa kwanza karne ya 11, na sultani huyo ndiye aliyeupanua. Mtoto anayejua kisa hiki atayatazama magofu kwa jicho jingine, na pengine hataandika jina lake ukutani, kama alivyofanya kijana wetu mmoja ziara iliyopita. Kibali cha kuingia hulipiwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na risiti zote zitabandikwa kwenye ubao wa msikiti.

Daftari litafunguliwa Ijumaa ijayo baada ya sala, na litafungwa likifika jina la 36, wakiwemo manahodha na mabaharia. Kila mzazi aandike umri na uzito wa mtoto wake. Nafasi ya kwanza tumemwandikia yule mama, na mwanawe nafasi ya pili, endapo atakubali kwenda nasi tena. Bado hajatujibu.