Mtoto wa Walikale Apimwe kwa Lugha Zake Zote

Tangu kasiterite, madini ya bati, ianze kuchimbwa Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilima hicho cha wilaya ya Walikale, mashariki mwa Kongo, kimevuta watu kutoka kila upande wa Kivu. Mtoto anayekulia huko anaweza kusikia Kinyanga kwa bibi yake, Kihunde au Kirega kwa majirani, Kiswahili sokoni na Kilingala kwa askari. Vita vikimvusha mpaka hadi kambi za wakimbizi za Nakivale, Kyaka II au Rwamwanja nchini Uganda, kama vilivyowavusha watoto wengi wa Kivu Kaskazini, anakutana na Kiingereza. Mtaala wa Uganda wa mwaka 2007 unataka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya wenyeji, lakini Runyankore na Rutooro ni ngeni kwake vilevile, na Kiingereza ndicho kinachobaki kuwa kipimo. Ndiyo maana kambini si ajabu kumwona kijana aliyekwisha kusoma miaka kadhaa Kongo akiwa ameketi na wadogo zake darasani. Hajasahau hesabu, amekosa maneno ya Kiingereza tu.

Kosa hili la kumpima mtoto kwa lugha asiyoijua huanzia chekechea, katika namna tunavyopima msamiati. Kipimo kimoja maarufu sana, cha Peabody, kilichapishwa Marekani mwaka 1959: mtoto anaonyeshwa picha nne, anatajiwa neno, naye anagusa picha inayolingana nalo. Kwa mtoto wa lugha moja kina manufaa yake. Kwa mtoto wa Bisie, alama atakazopata zinaonyesha amekaa na Kiingereza kwa muda gani, na karibu hazisemi lolote juu ya uwezo wake wa kujifunza. Barbara Pearson na wenzake walilionyesha jambo hili Miami mwaka 1993, walipohesabu maneno ya watoto wadogo wanaolelewa kwa Kiingereza na Kihispania. Lugha moja ilipohesabiwa peke yake, watoto hao walionekana kuwa nyuma. Lugha zote mbili zilipohesabiwa pamoja, kila maana mara moja, walilingana na wenzao wa lugha moja. Karibu zaidi na kwetu, Kilifi nchini Kenya, watafiti walitengeneza orodha za maneno kwa Kiswahili na Kigiriama, wakawahoji akina mama kwa mdomo, wakiwemo wasiojua kusoma, na majibu yao yakathibitika kuwa ya kutegemewa. Kipimo cha IDELA cha shirika la Save the Children nacho humwomba mtoto ataje vyakula vinavyonunuliwa sokoni na wanyama anaowajua. Hapo mtoto wa Walikale ana mengi ya kusema: sombe, mawese, muhogo, ndizi, samaki wa mtoni. Swali ni moja tu, ataruhusiwa kuyasema kwa lugha gani?

Wapo watakaosema kwamba mtihani wa taifa wa Uganda wa kumaliza shule ya msingi ni wa Kiingereza, na kumpima mtoto kwa Kinyanga ni kumdanganya. Hoja hii ina uzito, na wazazi wanaoipigania hawajakosea kukitaka Kiingereza. Basi hesabu ziwe mbili. Ya Kiingereza imwambie mwalimu afundishe nini kesho asubuhi. Ya lugha zote kwa pamoja imwambie ni mtoto gani anahitaji msaada wa pekee. Asiyesikia vizuri, au aliyechelewa kweli kuanza kusema, atakuwa na maneno machache katika kila lugha. Ukimpima kwa Kiingereza peke yake unamficha katikati ya wenzake thelathini wasio na tatizo lolote ila ugeni, na kwangu hilo ndilo dhara kubwa kuliko yote. Pingamizi la pili ni kwamba mwalimu hawezi kujua lugha zote hizo. Hawezi, wala halazimiki. Makambini wako Wakongo wanaofanya kazi ya usaidizi wa walimu, na wako akina mama, ambao Kilifi imeonyesha kuwa ni mashahidi wazuri. Ugumu wa kweli uko kwingine: orodha ya Kiingereza haitafsiriwi neno kwa neno ikabaki na uzito uleule, kwa hiyo ya Kinyanga itabidi ijengwe upya, na kazi hiyo inataka muda na fedha.

Na tusisahau kwamba wakimbizi hurudi. Machi 2025 waasi wa M23 walisonga mbele hadi mgodi wa viwanda wa Bisie ukasimamisha kazi, kisha wakaingia mji wa Walikale. Aprili, walipokwisha kuondoka mjini, uchimbaji ukaanza tena. Familia nazo huhama na kurejea kwa kufuata mawimbi kama hayo. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, nafasi katika madarasa ya mwanzo kabla Kifaransa hakijatawala. Mwalimu wa Walikale atakayepokea karatasi yenye alama za Kiingereza tupu hatajua mtoto huyo aanzie darasa gani.