Saa Ziliwazo na Njia: Safari ya Kila Siku ya Kwenda Kazini Wilayani Manyoni

Mtu akiulizwa kazi yake iko umbali gani na nyumbani kwake, aghalabu hujibu kwa kilomita. Na akiulizwa safari hiyo yamgharimu nini, hutaja nauli. Majibu hayo mawili ni ya kweli, lakini hayatoshi kumwezesha kukata shauri. Kilomita hazichoki wala hazina watoto wa kulea. Kiliwacho na njia hasa ni saa, nazo saa za mchana ni kumi na mbili tu kwa tajiri na kwa maskini, wala hapana duka liuzalo nyingine.

Katika wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, jambo hili si la nadharia. Wilaya ni pana na wakazi wake wamesambaa. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, hupita mjini Manyoni, na barabara ya lami hushuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Bahi na Dodoma. Lakini nje ya mistari hiyo miwili safari nyingi hufanywa kwa miguu, kwa baiskeli au kwa pikipiki, juu ya vumbi wakati wa kiangazi na juu ya tope wakati wa mvua. Swali la kama safari ndefu ya kila siku yalipa huulizwa huko na mkulima, mwalimu, muuguzi na mwanafunzi, ingawa mara nyingi huulizwa kimya kimya.

Yafaa kuanza na mkulima, kwa kuwa yeye ndiye aliyelijibu swali hili kabla ya wataalamu. Wagogo wa mashariki ya wilaya walijenga tembe zao mbalimbali, kila kaya karibu na shamba lake na zizi lake. Wageni wengi walidhani kwamba utawanyiko huo ulikuwa ni ukosefu wa mpango. Kumbe ulikuwa ni hesabu. Samadi ni nzito na hubebwa kwa shida, hivyo shamba lililo karibu na zizi ndilo lipatalo rutuba. Na mtama na uwele huhitaji mtu wa kukaa duguni akiwafukuza kweleakwelea tangu alfajiri, kabla ndege hawajamaliza masuke. Mkulima akaaye mbali huwakuta ndege wamekwisha kula.

Mwaka 1826 Mjerumani Johann Heinrich von Thünen alichapisha kitabu alichoeleza ndani yake jinsi gharama ya usafirishaji inavyopanga matumizi ya ardhi katika mizunguko kuuzunguka mji. Mwingereza Michael Chisholm, mwaka 1962, aliipeleka fikra hiyo hadi mlangoni kwa mkulima. Alikusanya taarifa za nchi nyingi akaona kwamba hasara ya umbali kati ya nyumba na shamba huanza kuonekana penye kilomita 1, na kwamba ifikapo kilomita 3 au 4 huwa nzito kiasi cha kumsukuma mkulima kuhamia karibu na shamba lake. Ichukuliwe familia yenye shamba lililo kilomita 4 kutoka nyumbani. Kwenda na kurudi ni kilomita 8, yaani saa 1 na dakika 36 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa. Katika msimu wa siku 150 za kazi, saa 240 zitaishia njiani. Ikiwa mkulima hufanya kazi saa 6 kwa siku shambani, basi amepoteza siku 40 za jembe, na hajavuna hata debe moja kutokana nazo.

Hesabu hiyo ndiyo iliyosahauliwa na wengi waliosimamia uhamishaji wa watu vijijini kati ya mwaka 1973 na 1976. Kuwaweka wananchi pamoja kulikuwa na faida zake zilizo dhahiri: shule, zahanati na bomba la maji haviwezi kufuata kila tembe. Lakini pale ambapo nyumba zilipangwa mstari mmoja kando ya barabara, mashamba ya zamani yalibaki nyuma, na yale ya karibu yakachoka upesi kwa kulimwa bila kupumzishwa. Nyumba ilisogezwa karibu na zahanati na wakati huo huo ikasogezwa mbali na chakula. Si haki kusema kwamba uamuzi wote ulikuwa kosa. Ni haki kusema kwamba upande mmoja wa mizani haukupimwa.

Hapa yafaa kuondoa dhana moja potofu. Watu wengi hudhani kwamba gharama kubwa ya safari ndefu kwa mtu atumiaye baiskeli ni nguvu za mwili, hasa penye mlima. Ichukuliwe kwamba mtu na baiskeli yake wana uzito wa kilo 80, na kwamba hupanda kimo cha mita 300 kutoka bondeni. Kazi ifanywayo dhidi ya mvutano wa dunia ni 80 × 9.8 × 300, yaani jouli 235,200. Kwa kuwa misuli hugeuza kama robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, mpandaji atahitaji kiasi cha jouli 940,000, sawa na kilokalori 225 hivi. Kiasi hicho hupatikana katika gramu 65 za unga wa mtama, yaani chini ya konzi mbili! Mlima wenyewe haumfilisi mtu kwa ugali. Humfilisi kwa muda, kwa jasho lihitajilo maji mahali ambapo maji ni haba, na kwa uchovu aingiao nao kazini.

Wenye mshahara nao wana hesabu yao. Kutoka Manyoni hadi Dodoma ni kilomita zipatazo 130. Basi likienda kilomita 80 kwa saa bila kusimama popote, litatumia saa 1 na dakika 37. Pamoja na kungoja stendi, kupakia abiria na kutembea hadi ofisini, hapana mtu awezaye kuahidi chini ya saa 2. Kwa siku 22 za mwezi, hizo ni saa 88, sawa na siku 11 za kazi za saa nane nane. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba kazi ya Dodoma humwongezea mtu shilingi 150,000 kwa mwezi juu ya kazi ya Manyoni, na kwamba nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 12,000. Nauli ya mwezi itakuwa shilingi 264,000. Mtu huyo atakuwa anazilipia shilingi 114,000 zile siku 11 azitoazo bure. Kwa watu wengi, safari ya kila siku kati ya miji hii miwili haina mjadala.

Wapo watakaosema kwamba treni ya umeme italibadili jambo hili. Treni hiyo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Njia yake imesanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, na mkataba wa kipande cha kutoka Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini mwaka 2021. Ni kweli kwamba mwendo huo waweza kuileta Dodoma karibu sana na Manyoni. Lakini mwanafizikia Mwitalia Cesare Marchetti, katika maandishi yake ya mwaka 1994, alionyesha kwamba watu wa nyakati na nchi mbalimbali wameelekea kutumia wastani wa saa moja hivi kwa siku katika safari, wawe wanatembea kwa miguu au wanaendesha gari. Chombo kikienda kasi, watu hawapunguzi saa, bali huongeza kilomita. Mwenye kiwanja karibu na stesheni atafurahi. Mpangaji wake huenda asifurahi.

Mbona basi watu wenye akili timamu hukubali safari zisizolipa? Wachumi Bruno Frey na Alois Stutzer wa Chuo Kikuu cha Zurich walichunguza takwimu za Ujerumani, wakaona kwamba wasafirio muda mrefu zaidi kwenda kazini huridhika kidogo zaidi na maisha yao, hata baada ya kuhesabu mshahara na nyumba walivyovipata kwa kusafiri. Katika uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2004 na Daniel Kahneman na wenzake, wanawake 909 wenye kazi huko Texas, Marekani, walieleza siku yao hatua kwa hatua. Safari ya asubuhi ilikuwa miongoni mwa saa walizozipenda kidogo kabisa. Sababu haifichiki. Nyumba nzuri au nyongeza ya mshahara huonekana siku ya kukata shauri. Safari haionekani siku hiyo. Huja vipande vipande, asubuhi na jioni, kila kipande kikiwa kidogo mno kulalamikiwa. Ni kweli kwamba Texas si Saranda, na atembeaye na jirani yake huku wakizungumza hana mateso ya aliyebanwa ndani ya gari. Hata hivyo, jembe na chaki havijui mazungumzo hayo. Vyote viwili humngoja mtu aliyechelewa.

Mwalimu wa kijijini ndiye mfano mgumu kuliko yote. Mshahara wake haubadiliki alale wapi. Shule ikiwa kilomita 20 kutoka mjini na haina nyumba ya mwalimu, na mwenzi wake ana kazi mjini, hesabu ya familia yaweza kabisa kumwambia asafiri kila siku kwa pikipiki. Hesabu hiyo ni sahihi, ila ina upungufu mmoja: baadhi ya gharama hulipwa na watu wasiokuwamo ndani yake. Mwalimu akichelewa dakika 20 mbele ya darasa la wanafunzi 45, zimepotea dakika 900, yaani saa 15 za wanafunzi, katika asubuhi moja. Kumlaumu mwalimu hakufai kitu. Yule apangaye bajeti ya kijiji au ya halmashauri ndiye apaswaye kuziweka saa hizo 15 mezani anapouliza kama nyumba ya mwalimu ni ghali.

Yuko na msafiri mwingine, ambaye hakuajiriwa na mtu. Mwanafunzi wa shule ya sekondari ya kutwa akaaye kilomita 10 kutoka shuleni hutembea saa 2 kwenda na saa 2 kurudi. Katika mwaka wa siku 190 hivi za masomo, hizo ni saa 760. Kipindi kimoja ni dakika 40. Hivyo njia humla zaidi ya vipindi 1,100, ambavyo kwa vipindi vinane kwa siku ni zaidi ya siku 140 za masomo. Ili afike saa 1:30 asubuhi hapana budi aondoke saa 11:30 alfajiri. Akilala saa 4 usiku baada ya kazi za nyumbani na kuamka saa 11 kasoro robo, amelala saa 6 na dakika 45, ilhali kijana wa umri wake huhitaji saa 8 hadi 10.

Tena jiografia humdhulumu kidogo. Saa ya Tanzania hufuata longitudo ya 45 Mashariki, mstari ambao haupiti ndani ya nchi hata kidogo. Hukata Somalia na Bahari ya Hindi. Manyoni iko karibu na longitudo ya 35. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa dakika 4, kwa hiyo jua la Manyoni liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 40 hivi. Jua huchomoza huko, kwa wastani wa mwaka, kama dakika 40 baada ya saa 12, wakati Dar es Salaam, iliyo kwenye longitudo ya 39, hulipata kiasi cha dakika 17 mapema zaidi. Msichana aondokaye saa 11:30 hutembea kwa zaidi ya nusu saa gizani kabla ya mapambazuko. Shule zenye wanafunzi wengi wa mbali zingeweza kuruhusiwa kuanza nusu saa baadaye, na serikali isingetumia hata senti.

Dawa ambayo wazazi wengi wameichagua ni kumpangishia mwanafunzi chumba karibu na shule, kile ambacho vijana hukiita geto. Safari hufutika, lakini mtoto wa miaka 15 huachwa ajipikie, ajilinde na ajiamulie usiku, na kwa msichana hatari huwa kubwa kupita ile ya njiani. Kwa hiyo si kila kufupisha njia ni faida. Kati ya njia ya saa mbili, geto lisilo na mlezi, na bweni lenye mlezi, ni bweni tu listahilialo kuitwa jibu. Na mahali ambapo halijajengwa, nyumba ya ndugu au ya jirani mwaminifu hushinda geto, hata kama imebakisha mwendo wa nusu saa.

Darasa la jiografia laweza kulifanya jambo hili lionekane kwa karatasi moja ya ramani. Kila mwanafunzi aandike dakika atumiazo kufika shuleni, si kilomita, kisha alama za dakika 30, 60, 90 na 120 ziunganishwe kwa mistari. Mistari hiyo haitakuwa duara: itajikunja penye korongo na penye ukingo wa bonde, na kurefuka kando ya barabara. Ramani ikichorwa mara ya pili mwezi Februari, mbuga zikiwa zimejaa maji, mstari wa saa moja utakuwa umerudi nyuma kuelekea shuleni, na idadi ya majina yaliyo nje yake ndiyo idadi ya vitanda ambayo kamati ya ujenzi wa bweni inahitaji kuijua.