Maoni: Mchango wa kwanza kwa waumini wa Muscat ni siku ya Ijumaa

Kwa Wakristo wa Afrika Mashariki wanaoishi Muscat, Jumapili imehamia Ijumaa. Tangu Mei 2013 mapumziko ya wiki nchini Oman ni Ijumaa na Jumamosi, badala ya Alkhamisi na Ijumaa kama ilivyokuwa zamani, na Jumapili ni siku ya kazi. Ndiyo maana eneo la makanisa lililopo Ruwi hujaa watu siku ya Ijumaa. Wapo Wahindi, Wafilipino na Wamisri, na kati yao wapo Wakenya, Waganda na Watanzania.

Ibada ikimalizika watu hawatawanyiki haraka. Nje ya kanisa ndiko zinakopatikana habari za nyumbani. Hapo hujulikana nani amelazwa hospitali, nani amefiwa, nani kazi yake imekwisha, na nani anakwenda likizo Nairobi au Dar es Salaam na ana nafasi ya kifurushi kwenye sanduku lake. Kwa mtu aliyeacha mama, mume na watoto maelfu ya kilomita nyuma yake, watu hao ndio ndugu.

Jambo hili ni zuri na linastahili sifa. Lakini kuna swali ambalo halina budi kuulizwa: je, ni nani hasa wanaofaidika na undugu huo?

Huko kwetu tumezoea kwamba kanisa humfuata mtu alipo. Tangu miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walichagua njia ya jumuiya ndogo ndogo, yaani kaya chache za jirani zinazokutana nyumbani kwa mmoja wao kila wiki, zikasali na kusaidiana. Waluteri, Waanglikana na Wapentekoste nao wana utaratibu unaofanana na huo. Mwanajumuiya akikosekana wiki mbili, jirani hugonga mlango kuuliza kulikoni.

Muscat hali ni tofauti. Sheria za Oman zinalinda uhuru wa watu kutekeleza ibada zao, na viwanja vya makanisa ya Ruwi na Ghala vilitolewa wakati wa utawala wa Sultan Qaboos. Lakini ibada ya pamoja inaruhusiwa katika maeneo yaliyoidhinishwa na serikali tu, si katika nyumba za watu. Kanisa Katoliki, kwa mfano, lina parokia nne kwa nchi nzima: Ruwi, Ghala, Sohar na Salalah. Aliyeajiriwa Nizwa au Sur ana safari ndefu ya barabara kabla ya kuufikia mlango wa kanisa.

Kwa maneno mengine, katika Oman jumuiya haimfuati mtu. Mtu ndiye anayetakiwa kuifuata jumuiya, na ili aifuate lazima awe na siku ya kutoka. Asiye na Ijumaa hana kanisa. Hana pia wa kumuuliza hali, wa kumsomea mkataba, wala wa kugundua kwamba hajaonekana tangu mwezi uliopita.

Na wasio na Ijumaa ni wengi. Ripoti ya shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch iliyotolewa Novemba 2017, kuhusu wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za nyumbani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, ilieleza habari za pasipoti kushikiliwa na waajiri, saa nyingi za kazi bila siku ya mapumziko, na baadhi ya wanawake kufungiwa ndani. Wengi wa waliohojiwa hawakuwa na mahali pa kukimbilia. Hao ndio wanaouhitaji msaada wa jumuiya kuliko yule anayefika kanisani kwa gari lake kila wiki.

Maoni yangu ni kwamba waumini wa Muscat wanapozungumzia kusaidiana waanze na jambo hili kabla ya mengine yote. Siku ya mapumziko si zawadi ya tajiri kwa mfanyakazi. Mkataba wa kimataifa namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unasema mfanyakazi wa nyumbani apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na asilazimishwe kubaki nyumbani kwa mwajiri katika muda huo.

Hapa yafaa tuanze na nyumba zetu wenyewe. Wapo waumini wenye kazi nzuri za ofisini, hospitalini na mashuleni, ambao nao wameajiri wasichana wa kuwalelea watoto. Familia inavaa vizuri na kwenda kusali, na msichana anabaki jikoni kupika chakula cha kuwapokea wakirudi. Wakati mwingine ni Mkristo kama wao. Mwenye nyumba wa aina hiyo hana haki ya kumlaumu Mwarabu wala Mhindi mpaka kwanza ampe mfanyakazi wake Ijumaa.

Kuna watakaosema kanisa ni mahali pa ibada, si ofisi ya kazi, na kwamba wageni wasijitafutie matatizo katika nchi ya watu. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata michango tuliyoizoea ina mipaka huko, kwa kuwa sheria za Oman haziruhusu kukusanya fedha kwa umma bila kibali. Harambee ya kusafirisha maiti, ambayo Nairobi ingetangazwa redioni, Muscat inaweza kumpeleka mtu mahakamani. Lakini kumpigia simu dada ambaye hajaonekana hakuhitaji kibali. Kumweleza mgeni namba ya ubalozi wa nchi yake, na kumshauri ahifadhi nakala ya pasipoti na ya mkataba wake, hakuvunji sheria yoyote.

Wapo pia waajiri wanaohofia kwamba mfanyakazi akitoka Ijumaa atakutana na watu wa kumshawishi atoroke. Ukweli ni kinyume chake. Anayetoroka mara nyingi ni yule aliyechoshwa na kufungiwa, na akishatoroka huangukia mikononi mwa wasiomtakia mema. Aliyepumzika, akasali na kuongea na watu wa kwao hurudi kazini akiwa na nguvu.

Katika jambo hili Muscat ina bahati ambayo miji mingi ya Ghuba haina. Familia nyingi za Kiomani zina asili ya Zanzibar na Mrima, na Kiswahili kinazungumzwa mpaka leo majumbani mwao, hasa na wazee waliorudi Oman baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Msichana kutoka Mombasa au Tanga anaweza kumwambia bibi mwenye nyumba kwa lugha wanayoielewa wote wawili: "Bibi, naomba nikasali." Bibi huyo ni Muislamu, anajua thamani ya Ijumaa, na dini yake pia inamuamuru kumtendea haki mfanyakazi.

Makanisa ya nyumbani nayo yasijitoe katika hili. Huko Mombasa, Kampala na Dar es Salaam wasichana wanaokwenda Arabuni huombewa safari njema mbele ya waumini, nao husema amina. Ni vyema. Lakini kabla ya maombi, mzee wa kanisa amuulize binti: umeusoma mkataba? Siku yako ya mapumziko ni ipi? Wakala wako anafahamika serikalini? Majibu hayo yatamsaidia njiani kama yatakavyomsaidia maombi.

Historia ya kanisa la Muscat yenyewe inatufundisha. Mmisionari wa Kimarekani Peter Zwemer alifika mjini humo mwaka 1893. Mwaka 1896 aliwapokea wavulana 18 wa Kiafrika waliokombolewa kutoka utumwani, akawapa makao na shule, mpaka maradhi yalipomuondoa, akafariki mwaka 1898. Watoto hao hawakuja kwa miguu yao kwenye ibada yake. Walikuwa watu wasio na mtu, na ndiyo sababu walipokelewa.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ijumaa ijayo, watu watakapokuwa wakisalimiana nje ya kanisa huko Ruwi, kila mmoja amtaje mtu mmoja anayemfahamu ambaye hakuweza kuja, kisha wakubaliane ni nani atakayempigia simu kabla jua halijatua.