Wazee Wetu Wasiachwe na Magoti Yaliyokwisha

Gari litokalo Mbeya kwenda Tunduma hupita Nanyala, katika Wilaya ya Mbozi, mahali ambapo madereva huuheshimu mteremko wa Senjele. Msafiri huiona barabara kuu na malori yake. Asiowaona ni wakulima waliolilima eneo hili kwa jembe la mkono kwa miaka 40 au 50, wakabeba magunia ya mahindi na ndoo za kahawa, na ambao leo mwendo wa kutoka kitandani hadi uani ni safari ya kuombea msaada. Hao ndio tunaotaka kuwazungumzia.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi katika nchi yetu. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta wamekwisha pita milioni 3. Hapana shaka kwamba hayo ni matunda ya jitihada za taifa. Wakati wa Uhuru, mwaka 1961, wastani wa umri wa kuishi ulikuwa chini ya miaka 45. Leo umepita 60. Lakini taifa linalowapa watu wake miaka zaidi halina budi kujiuliza miaka hiyo inaishiwa katika hali gani.

Katika vijiji vyetu kila maumivu ya goti huitwa baridi yabisi. Mara nyingi sivyo. Mwisho wa mifupa inapokutana pana gegedu, utando laini unaouwezesha mfupa kuteleza juu ya mwenzake. Gegedu hilo likilika, mfupa husagana na mfupa, goti huvimba na kupinda, nyonga hukakamaa. Mgonjwa akifika zahanati huambiwa kuwa ni uzee, akapewa vidonge vya maumivu. Wiki ijayo huvinunua mwenyewe dukani, na mwaka unaofuata bado anavimeza, navyo vikitumiwa hivyo huumiza tumbo na figo. Kauli ya kuwa "ni uzee tu" haifai hata kidogo. Uzee si ugonjwa, na kulika kwa gegedu ni ugonjwa wenye tiba.

Tiba hiyo, pale ambapo nyingine zimeshindwa, ni kukiondoa kiungo kilichoharibika na kuweka cha bandia. Daktari John Charnley wa Uingereza ndiye aliyeifungulia dunia njia mwaka 1962, kwa kichwa cha chuma cha nyonga kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Hapa kwetu Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, hufanya upasuaji wa nyonga na magoti, na Watanzania hawalazimiki tena kuvuka bahari kuufuata. Tunalipongeza jambo hilo. Hata hivyo, kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Mtu ambaye nyonga yake haivumilii kukaa nusu saa anaambiwa akae kwenye basi kutwa nzima, pamoja na ndugu wa kumwuguza, akafikie kwa jamaa asiye na nafasi. Viungo vyenyewe huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, na gharama yake huweza kumaliza akiba ya misimu kadhaa ya mkulima wa kawaida. Tena foleni si ya wazee peke yao: wamo vijana wenye selimundu ambao mfupa wa nyonga umekufa kwa kukosa damu, na wamo walioumia barabarani.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza, na Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ahadi hizo zisiishie kwenye dirisha la dawa. Tunaitaka Wizara ihakikishe kwamba mzee asiye na uwezo hatengwi na upasuaji huu kwa sababu ya bei ya chuma, na kwamba Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, tegemeo la Nyanda za Juu Kusini, inapewa wataalamu, vifaa na chumba safi cha kuufanya mara kwa mara. Hatusemi kila wilaya iwe nao. Vijidudu vikiingia kwenye goti la bandia huwa ni msiba, na mkono wa daktari hukomaa kwa kazi nyingi. Kituo kimoja imara kwa kanda ni bora kuliko vitano vya kuzinduliwa kwa utepe.

Wala si kila goti linahitaji kisu. Kupunguza uzito, mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na fimbo nzuri huwafaa wengi kwa miaka. Fimbo, kwa taarifa, hushikwa kwa mkono wa upande usiouma. Wazee wengi huishika upande unaouma, na hakuna mhudumu aliyewahi kuwasahihisha.

Liko jambo jingine ambalo hospitali haiwezi kulimaliza. Aliyewekewa nyonga ya bandia hukatazwa kuchuchumaa na kukaa chini sana, hasa katika miezi ya mwanzo, kwani huweza kuteguka. Sasa arudi Nanyala: choo ni cha kuchuchumaa, jiko ni la mafiga matatu, na kiti cha jikoni ni kigoda. Upasuaji wa mamilioni ya shilingi waweza kuharibiwa na asubuhi moja chooni. Seremala wa kijiji anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu na mikono ya kushikia kwa nusu siku. Serikali za vijiji, pamoja na maofisa wa ustawi wa jamii, wanawajua wazee wao kwa majina. Wasisubiri waraka kutoka Dodoma ndipo wamwagize seremala.